Karakana za Vita: Kuhifadhi Majengo Yaliyojengwa Ili Yasidumu

Karakana ya jeshi ni mahali ambapo vita huendeshwa bila risasi kufyatuliwa. Humo bawa la ndege lililotobolewa hushonwa kiraka, ekseli ya lori iliyopinda hunyooshwa, mtutu wa mzinga hupimwa upya, na kwato za nyumbu hupigiliwa vyuma. Majeshi yote makubwa ya karne ya 20 yalikuwa na mafundi wengi nyuma ya mstari wa mbele, na kwa vikosi vya anga hesabu ilizidi: rubani mmoja alitegemea kundi zima la makanika, maseremala, washonaji wa turubai na wahunzi ili apae asubuhi moja. Lakini vita vikiisha, kinachowekewa uzio na kibao ni ngome, makaburi na mnara. Karakana hurudishwa kwa mwenye shamba, au hubomolewa iuzwe mbao na mabati, au huachwa inyeshewe mpaka ianguke yenyewe.

Ugumu wa kuyahifadhi majengo haya unaanzia kwenye nia ya walioyajenga. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulijengwa na watu waliotaka udumu, na fundi anayeukarabati leo anaendeleza kazi yao. Karakana ya vita ilijengwa na watu waliotumaini kwamba baada ya miaka miwili mitatu haitahitajika tena. Kuta zilifanywa nyembamba kwa makusudi, msingi ukawa wa juujuu, na paa likaezekwa kwa kile kilichopatikana bohari. Anayeihifadhi karakana hiyo anapambana na uamuzi wa mjenzi mwenyewe, ilhali uamuzi huo ndio historia inayohifadhiwa: haraka, uhaba, na imani kwamba mambo yataisha karibuni. Ukuta huo ukinenepeshwa na paa likibadilishwa kuwa imara, jengo litasimama vizuri, ila litakuwa limeacha kusema lilichokuwa linasema.

Mfano unaojulikana zaidi ni kibanda cha Nissen. Mwaka 1916 Peter Norman Nissen, mhandisi wa machimbo aliyekuwa afisa katika jeshi la Uingereza, alibuni banda la mabati ya migongo yaliyokunjwa nusu duara juu ya mbavu za chuma. Vipande vyake vyote vilipakiwa katika gari moja la jeshi, na watu sita waliweza kulisimamisha kwa muda wa saa nne. Hadi vita vinaisha yalikuwa yametengenezwa yasiyopungua 100,000. Katika Vita vya Pili vya Dunia wazo hilohilo likazaa banda pana zaidi la Romney, lililofaa kwa karakana na bohari, na kwa upande wa Marekani likazaa banda la Quonset, lililoanza kuundwa mwaka 1941 huko Rhode Island. Mabati ni mepesi na yanasafirishika. Adui wake ni kutu, nayo huanzia chini, pale bati linapogusa udongo wenye unyevu. Banda likionekana zima kwa mbali, kipande cha nusu mita cha chini ndicho kinachomwambia mkaguzi ukweli.

Karakana za ndege zilikuwa na shida nyingine, shida ya upana. Ndege haiwezi kutengenezewa katikati ya nguzo. Kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliitatua kwa kutumia kenchi ya Belfast, aina ya kenchi iliyotokea katika mji huo karne ya 19 kwa ajili ya maghala na viwanda. Umbo lake ni la upinde na kamba yake. Mti wa juu umepinda, wa chini umenyooka, na baina yake fito nyembamba zimepishana kama wavu wa jarife. Uzuri wake kwa wakati wa vita ni kwamba hautaki gogo refu wala ubao mpana. Vipande vifupi na vyembamba vinaunganishwa kwa misumari ya kawaida, na kazi yote inaweza kufanywa chini na maseremala wa kawaida kabla kenchi haijainuliwa. Mwaka 1917 nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha meli zilizoleta mbao Uingereza, na kwa hiyo kenchi iliyokula mbao kidogo ikawa jambo la kufa na kupona. Mabanda ya ndege ya mwaka huo yalivuka takribani mita 24 bila nguzo hata moja katikati.

Paa la namna hiyo linapotazamwa kutoka sakafuni, macho hukutana na mamia ya fito zilizopishana, na mtu huweza kuzifuata moja moja kwa macho mpaka ukutani. Hapo ukutani ndipo ugonjwa unapoanzia. Mabanda mengi yalijengwa mawili mawili yakiwa yameungana ubavu kwa ubavu, na baina ya mapaa yake mawili ya mviringo kuna mfereji. Mfereji ukiziba kwa majani, maji hufurika na kuingia kwenye vichwa vya kenchi, mahali ambapo mti wa juu na wa chini vinakutana na kubeba uzito wote. Katikati ya kenchi huweza kuwa pakavu na pazima baada ya miaka 100 huku ncha zake zikichomeka kidole. Seremala anayejua kazi hukata sehemu iliyooza peke yake, akaunga mti wa aina na unene uleule, na kuziacha fito za asili mahali pake. Kazi hiyo ni ya polepole na ya gharama, na ndiyo maana majengo mengi yenye kenchi hizi yalipotea kwa sababu ya mfereji ambao haukusafishwa.

Yaliyobaki ni machache. Hooton Park, karibu na Ellesmere Port, magharibi mwa Uingereza, bado kuna mabanda matatu ya mwaka 1917 yanayotunzwa na wakfu wa hiari. Duxford, karibu na Cambridge, mabanda ya enzi hiyohiyo yamo ndani ya tawi la Makumbusho ya Vita ya Kifalme, lakini moja halipo: mwaka 1968 lililipuliwa kwa makusudi ili lipigwe picha kwa ajili ya filamu kuhusu vita vya anga vya mwaka 1940. Wakati huo jengo lilikuwa na umri wa miaka 50 tu na halikuonekana na yeyote kuwa urithi. Lilionekana kuwa banda chakavu lililopata bahati ya kutumika mara ya mwisho. Leo, kila anayepita mbele ya nafasi ile anaweza kupima jinsi fikra zilivyobadilika katika maisha ya mtu mmoja.

Umri ndio kikwazo cha kwanza cha kisheria. Sheria nyingi za mambo ya kale ziliandikwa na watu waliokuwa wakifikiria magofu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863, na yaliyojengwa baadaye yanahitaji tangazo maalumu. Kwa kipimo hicho, hakuna jengo hata moja la vita vya karne ya 20 linalolindwa kwa umri wake peke yake. Nchini Marekani kigezo cha kawaida ni miaka 50, na Uingereza miaka 30 hivi. Vipimo hivyo vifupi vinasaidia, lakini navyo vina mwanya: miaka ya hatari zaidi kwa karakana ni ile 20 ya mwanzo baada ya vita, wakati haina kazi, haina mwenyewe, na bado haijafikia umri wa kuhurumiwa.

Marekani ilikutana na mwanya huo kwa kishindo. Kati ya mwaka 1940 na 1945 jeshi lake lilikuwa limejenga maelfu kwa maelfu ya majengo ya mbao kwa michoro ya aina moja, yakiwa mabweni, mabwalo, bohari na karakana za magari, yote yakihesabiwa kuwa ya muda. Mwaka 1983 Bunge la nchi hiyo liliagiza yabomolewe. Miaka 40 baada ya kujengwa yalikuwa bado yanatumika, na gharama ya kuyatunza ilikuwa imewachosha wakubwa. Wahifadhi walitambua kwamba kuyaokoa yote haiwezekani wala haina maana. Mkataba uliofikiwa mwaka 1986 ukaruhusu ubomoaji kwa sharti kwamba aina kuu za majengo hayo zipimwe, zichorwe na kupigwa picha, na sampuli chache zibaki. Uamuzi huo una mantiki, kwa kuwa jengo lililotolewa nakala elfu moja halihitaji kuhifadhiwa mara elfu moja. Lakini una hasara isiyoonekana kwenye mchoro. Majengo yale yalifanana siku yalipokabidhiwa tu. Baada ya hapo kila moja liliishi maisha yake, na karakana mbili zilizotoka kwenye karatasi moja zilikuwa na makovu tofauti kabisa.

Uingereza ilichukua njia ya kuhesabu kwanza. Kuanzia mwaka 1995 hadi 2002 wananchi wa kujitolea, chini ya uongozi wa baraza la wanaakiolojia la nchi hiyo, waliorodhesha karibu maeneo 20,000 ya ulinzi ya karne ya 20, kuanzia vibanda vya bunduki mpaka viwanja vya ndege. Orodha ile ilizaa kitu ambacho hakikuwepo, yaani uwezo wa kulinganisha. Kabla ya hapo, afisa wa wilaya aliyeletewa ombi la kubomoa banda la kale hakuwa na namna ya kujua kama ni moja kati ya mia au ni la mwisho.

Uwanja wa ndege wa Stow Maries, katika jimbo la Essex mashariki mwa London, unaonyesha kile ambacho orodha na sheria vinaweza kuokoa, na pia kile ambacho kiliokolewa na bahati tu. Ulianzishwa mwaka 1916 kwa ajili ya kikosi cha 37 cha jeshi la anga, kilichopewa kazi ya kuilinda London dhidi ya puto kubwa za Zeppelin na baadaye ndege za kudondosha mabomu. Mwaka 1919 kikosi kikaondoka, na ardhi ikarudi kwenye kilimo. Haukutakiwa tena wakati wa Vita vya Pili, kwa hiyo haukujengewa barabara ya zege wala mabanda mapya juu ya yale ya zamani. Mabanda ya ndege yalitoweka, lakini majengo ya matofali yalibaki yakiwa na kazi ndogo ndogo za shamba. Ndivyo ilivyotokea kwamba majengo 24 ya uwanja mmoja wa Vita vya Kwanza yamesimama pamoja mpaka leo: karakana, banda la magari, chumba cha jenereta, ofisi, bwalo, chumba cha marubani kusubiri zamu, na chumba cha maiti.

Pamoja ndilo neno la kushika hapa. Karakana ikiwa peke yake ni nyumba ya matofali yenye milango mipana. Ikiwa na majirani zake, umbali kati yao huanza kusema. Mtu anaweza kutembea kutoka walipokaa marubani hadi karakana, na kutoka karakana hadi chumba cha maiti, na kuona kwamba safari zote mbili ni za dakika chache. Hakuna maandishi ya makumbusho yanayofikisha jambo hilo kwa uzito wa miguu yenyewe. Serikali ya Uingereza iliyapa majengo hayo ngazi ya pili kati ya ngazi tatu za ulinzi, na mwaka 2013 eneo lote lilinunuliwa kwa ajili ya wakfu maalumu kwa msaada wa fedha za umma.

Ukarabati wake ni somo la kuvumilia udhaifu. Majengo ya kikosi cha anga ya miaka ile yalijengwa kwa tofali moja lililolazwa kwa urefu, yaani ukuta wa sentimita 11 hivi, ukiimarishwa kwa nguzo fupi za matofali kila baada ya mita tatu na kupakwa lipu ya saruji nje. Lipu ikipasuka, maji huingia na hayana pa kutokea, kwa hiyo ukuta huloa kwa ndani na tofali hubanduka kidogo kidogo. Fundi mwenye haraka angeongeza ukuta wa pili kwa ndani na kutia joto. Hapo mgeni angestarehe, na asingejua kamwe baridi waliyofanyia kazi makanika wa Januari 1917, vidole vyao vikishika spana za chuma. Kuacha ukuta mwembamba ubaki mwembamba ni uamuzi sahihi, hata kama una maana kwamba jengo litahitaji kuangaliwa kila mwaka milele.

Swali la kinachopaswa kuhifadhiwa ndani ya karakana hujibiwa vibaya mara nyingi. Macho huenda kwenye kuta na paa, na baada ya ukarabati sakafu inasuguliwa, kuta zinapakwa chokaa, na vyuma visivyoeleweka vinang'olewa. Kumbe vyuma hivyo ndivyo ushahidi. Vishikizo vilivyofungwa juu ya ukuta kwa mstari vinaonyesha ilipopita shafti ndefu iliyozungushwa na injini moja na kuendesha mashine zote kwa mikanda. Mashimo manne ya bolti sakafuni yanaonyesha iliposimama mashine ya kukereza, na zege lililochakaa mbele yake linaonyesha aliposimama fundi. Doa jeusi la oili chini ya shimo la ukaguzi, alama za penseli ukutani, rangi tofauti zilizofutiwa brashi nyuma ya mlango, jina lililochongwa kwenye fremu ya dirisha: vitu hivi haviingii kwenye michoro ya mwaka wa ujenzi kwa sababu mwenye michoro hakuviweka. Viliwekwa na kazi. Kanuni inayofaa ni kupima na kupiga picha sakafu kabla ya kugusa paa, kwa kuwa mafundi wa paa huharibu sakafu bila kujua.

Baadhi ya alama hizo ni sumu. Mbawa za ndege za Vita vya Kwanza zilikuwa za kitambaa kilichokazwa kwa kupakwa vanishi maalumu, na vanishi ya miaka ya mwanzo ilikuwa na kemikali ya tetrakloroethani iliyoharibu ini. Wafanyakazi walioipaka, wengi wao wanawake, waliugua manjano na baadhi wakafa kabla haijaachwa. Asbestosi ilitumika kwenye mapaa na kuzungushia mabomba. Saa na dira za ndege zilipakwa rangi ya rediamu ili zing'ae gizani, na rediamu haijui kwamba vita vimekwisha: hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi. Katika pwani ya Dalgety Bay nchini Scotland, mahali palipokuwa na uwanja wa ndege za wanamaji wa Donibristle, mabaki ya saa zilizochomwa moto baada ya mwaka 1945 yalifukiwa ardhini. Mji ulijengwa juu yake, bahari ikala ufuko, na mwaka 1990 mionzi ikagunduliwa. Usafishaji ulikamilika mwaka 2023. Kwa hiyo uhifadhi wa karakana lazima uanze na vipimo vya udongo na vumbi, na mahali pengine uamuzi wa haki ni kuondoa sehemu ya jengo ili watu wawe salama. Kuieleza sumu hiyo kwa wageni, badala ya kuificha, ni sehemu ya kuwaheshimu waliofanya kazi humo.

Majengo ya zege yana hadithi tofauti. Bandari ya ndege za majini ya Tallinn, Estonia, ilijengwa mwaka 1916 na 1917 kwa ajili ya jeshi la Tsari wa Urusi, na wajenzi walikuwa kampuni ya Denmark ya Christiani & Nielsen. Kuba zake tatu za zege zinafunika ukumbi mmoja mkubwa bila nguzo katikati, na juu kabisa unene wake ni sentimita 8 tu. Ilikuwa kazi ya ujasiri kwa wakati wake. Baada ya miaka mingi ya kutelekezwa zege lilimeguka na nondo zikatokeza. Ukarabati wa mwaka 2010 hadi 2012 uliigeuza kuwa makumbusho ya bahari. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba hupasua zege linaloilinda, na ufa huo huleta maji mengine. Hapo hakuna kipande kimoja cha kukata na kuunga kama kwenye kenchi ya mbao. Jengo zima ni kipande kimoja.

Swali zito kuliko yote si la ufundi. Ni la nani alifanya kazi ndani. Baada ya kituo cha makombora cha Peenemünde kupigwa mabomu Agosti 1943, Ujerumani ilihamishia uundaji wa kombora la V-2 ndani ya mahandaki ya mlima karibu na Nordhausen. Wafungwa wapatao 60,000 walipitia kambi ya Mittelbau-Dora, na takribani mmoja kati ya watatu alikufa. Waliokufa wakiliunda kombora hilo ni wengi kuliko waliouawa nalo. Karakana hiyo ikihifadhiwa kama sifa ya uhandisi, itakuwa imewaua mara ya pili. Ndiyo maana mahali hapo pametunzwa kama eneo la maombolezo, na vipande vya kombora vilivyoachwa sakafuni vinatazamwa kama sehemu ya uhalifu. Mkarabati yeyote wa jengo la vita anapaswa kuuliza mapema orodha ya wafanyakazi iko wapi, na kama haipo, kwa nini haipo.

Karakana nyingine ya Ujerumani inaonyesha upande wa pili. Katika ua wa nyumba namba 39, Rosenthaler Straße, Berlin, Otto Weidt alikuwa na karakana ya kutengeneza brashi na mifagio. Kwa kuwa aliliuzia jeshi, kazi yake ilihesabiwa kuwa muhimu kwa vita, na kwa kivuli hicho aliwaajiri Wayahudi, wengi wao vipofu na viziwi, akawakinga wasichukuliwe kwa kadiri alivyoweza. Yeye mwenyewe alikuwa karibu kuwa kipofu. Chumba cha mwisho kisicho na dirisha kilifichwa nyuma ya kabati la nguo, na familia moja ilijificha humo mpaka ilipogunduliwa mwaka 1943. Vyumba hivyo vilibaki bila kuguswa sana, na tangu mwaka 1999 watu wanaviona. Vingekuwa vimepakwa rangi na kunyooshwa kuta, kusingebaki sababu ya kuvitembelea. Upana wa mlango ule na giza la chumba kile ndivyo vinavyofundisha.

Katika Afrika Mashariki, wakati wa Vita vya Kwanza, vita vya karakana vilipiganwa kwa nguvu zisizo za kawaida, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wamefungiwa bahari na ilibidi wajitengenezee. Meli ya kivita ya Königsberg, iliyoizamisha meli ya Waingereza Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, iliharibika mitambo na kujificha katika delta ya Rufiji. Sehemu za mitambo yake zilikokotwa nchi kavu na wafanyakazi wa Kiafrika kwenda kutengenezwa Dar es Salaam, kisha zikarudishwa. Ilipozamishwa Julai 1915, mizinga yake 10 iliopolewa, ikaundiwa magurudumu na kupigana barani. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Mtazamaji huona mtutu, lakini waliovuta vyuma vile kwenye tope la Rufiji na mafundi waliounda ekseli za kuubeba hawaonekani popote katika chuma hicho. Tabora, mwaka 1916, karakana ya reli iligeuzwa kiwanda cha sarafu, ikagonga vipande vya dhahabu vya rupia 15 vyenye picha ya tembo na Mlima Kilimanjaro, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Sarafu hizo leo zimo kwenye makabati ya wakusanyaji ulimwenguni. Vilevile huko Kigoma meli ya Graf von Goetzen, ambayo sasa ni Liemba, ililetwa vipandevipande kwenye makasha na kuungwa ufukoni, ikashushwa majini Februari 1915.

Katika mifano hiyo yote kilichodumu ni kitu kilichotoka karakana. Karakana yenyewe haikutazamwa. Kariakoo ya Dar es Salaam imehifadhi jina la kikosi cha wapagazi wa vita vile, na jina limekaa vizuri kuliko jengo lolote, maana hutajwa kila siku na makondakta wa daladala. Taasisi ya Amani katika milima ya Usambara, iliyoanzishwa mwaka 1902 na ambayo wakati wa vita ilitengeneza kwinini na bidhaa nyingine ambazo meli hazikuweza kuleta, ilipata bahati ya aina tofauti. Majengo yake yaliendelea kutumika kwa utafiti wa kilimo, na baadaye wa malaria. Kwa karakana za reli za zamani nchini Tanzania, hatua ya kwanza haihitaji bajeti kubwa: kupima, kupiga picha, na kuwarekodi mafundi wastaafu wakieleza mashine ipi ilikaa wapi, kabla vyuma havijauzwa kwa kilo.

Matumizi ndiyo yanayoamua umri wa jengo kuliko sheria. Royal Arsenal ya Woolwich, iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 80,000 katika kilele cha Vita vya Kwanza, sehemu kubwa yake imekuwa makazi. Kuta na madirisha vimepona, ila jengo lililogawanywa vyumba limepoteza kile kilicholifanya karakana, yaani nafasi moja ndefu ambamo kila fundi alimwona mwenzake. Makumbusho hutunza nafasi, lakini huhitaji wageni kila mwezi, na karakana iliyoko shambani mbali na barabara haiwapati kirahisi. Matumizi yanayolingana zaidi na jengo ni kazi ileile. Katika kisiwa cha Ford, Pearl Harbor, banda namba 79 lilikuwa mahali pa kutengenezea ndege na injini wakati wa Vita vya Pili. Vioo vya buluu vya milango yake mikubwa vina matundu ya risasi za tarehe 7 Desemba 1941, na havijabadilishwa. Jengo ni la makumbusho ya usafiri wa anga sasa, na ndani yake kuna karakana inayofanya kazi. Mafundi wanafungua na kufunga ndege za kale sakafuni hapo, mwanga ukiwafikia kupitia vioo vilevile.